Grinda Ilikuwa Nzima, Shida Ilikuwa Ekstensheni

Nina karakana ya kuchomelea mageti pale Kondele, Kisumu, na grinda yangu ya wati 2,000 haikuwa na ubovu wowote. Karibu kila fundi aliyepita aliihukumu kwa sababu ikishika chuma ilikuwa inalegea, mlio unashuka, mota inapata moto.

"Omera, hiyo ni feki, tupa."

Mwingine akashikilia kwamba kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, zimeisha. Nikaweka mpya, hali ikabaki vilevile. Wa tatu alikuja na multimita, akapima soketi ya ukutani akapata volti 238, akapima mwisho wa ekstensheni akapata 238 zilezile. Akasema stima iko sawa, akachukua pesa yake akaenda.

Lakini alipima grinda ikiwa imezimwa! Volti ni msukumo, na msukumo haupotei njiani kama hakuna umeme unaopita. Ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, zikianza kutembea ndipo ukinzani wa waya, ule ugumu wake wa kupitisha umeme, unapokula volti: zidisha ampea kwa ukinzani, utajua umepoteza ngapi.

Basi nikamwambia kijana wangu akate chuma kinene cha geti, mimi nikachomeka multimita kwenye tundu la pili la ekstensheni. Namba zikashuka nikiziona: 238, 220, zikatulia 211. Ukutani, kazi ileile ikiendelea, 231. Volti 20 zilikuwa zinapotelea kwenye mita 40 za waya mwembamba wa 0.75, yaani unene kwa milimita za mraba.

Nikaazima na mita ya kubana, ile inayozungushwa kwenye waya bila kuukata, ili nione ampea. Hapa wengi hukwama: ukibana waya mzima inasoma sufuri, kwa kuwa umeme unaoenda na ule unaorudi unafutana. Nilitengeneza kipande kifupi cha ekstensheni chenye nyaya zilizotenganishwa, kila moja na ganda lake, nikabana ule wa laivu, unaoleta umeme, peke yake. Ampea 9. Ukizidisha kwa volti 20, hizo ni wati 180 zinazopasha waya moto bila kukata chochote. Ndiyo maana ile ekstensheni, ikiwa imekunjwa chini ya meza, ilikuwa laini kama ugali mbichi ukiishika.

Nilinunua waya wa shaba wa 2.5, urefu uleule, ikanitoka elfu saba hivi. Dukani usikubali kuuziwa kwa macho. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake uko juu. Wa kwanza nilioonyeshwa ulikuwa hivyo, nikaurudisha palepale kaunta.

Sasa grinda ikikata, mwisho wa ekstensheni unasoma 226, na chuma kilichokuwa kinanisumbua inakipita bila kulegea. Kaboni zile za zamani bado ninazo, nzima kabisa.

Tena, kunjua ekstensheni yote hata kama kazi iko hatua mbili kutoka ukutani, maana ikikunjwa joto halina pa kutokea. Na fyuzi ya plagi ikiungua, tafadhali usifunge kipande cha waya mahali pake. Fyuzi ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba zaidi ya wati 3,000, kwa hivyo grinda kama yangu haiwezi kuiunguza kwa kazi ya kawaida. Fungua plagi kwanza utazame kama skrubu zimelegea.