Nilivyopata sauti ya tyubu kwenye ampli ya chipu

Mi napiga solo kwenye bendi ndogo ya dansi hapa Dar na sauti niliyokuwa naitafuta miaka yote ni ya ampli ya mzee aliyenifundisha gita, ilikuwa ya tyubu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), mbili za aina ya EL34, nzito mpaka tunaibeba watu wawili. Watu wengi wakisikia tyubu wanafikiria distoshen tu. Hapana jamani, mzee alikuwa anapiga klini kabisa ila noti zake zilikuwa na mwili, akigusa uzi mnene unasikia spika inavuta pumzi, akipanda juu kwenye sebene noti zinang'aa na masikio hayaumi. Siku moja transfoma ya kutolea sauti ikaungua, na kupata nyingine yenye vipimo vilevile ni shughuli, basi ampli ikawekwa stoo.

Nikanunua pedali ya kuigiza ampli, nikaifunga na bodi ya ampli ya klasi D, ile ya chipu, na spika ya gita ya inchi 12. Kwenye hedfoni tamu sana. Kwenye spika kavu, yaani kama mtu anaongea kaziba pua. Wiki nzima nazungusha besi na trebo, nikiongeza besi inakuwa tope, nikiongeza trebo inachoma, nikajua tatizo sio ikweliza.

Kumbe spika iliyoandikwa omu 8, yaani kipimo cha jinsi inavyozuia umeme, haina omu 8 kwenye kila toni. Nilipima ya kwangu kwa kuweka risista ya omu 100 kwenye njia yake nikawa napitisha toni kutoka kwenye simu kupitia ampli, toni za juu nikaazima oskiloskopu ya fundi mwenzangu maana mita ya kawaida huko haiaminiki. Pale hezi 400 nikapata karibu omu 8 kweli, lakini kwenye hezi 90 hivi ikapanda mpaka kama 60, na kwenye hezi 5,000 ikawa kama 25. Sasa ampli ya kisasa ya transista au chipu kwa kawaida haijali hayo, inatoa volti zilezile toni zote kwa sababu ya fidibeki kali (sehemu ya sauti inayotoka inarudishwa mwanzoni ili ampli ijirekebishe) inayoishika spika kama mtoto kashikwa mkono barabarani. Ampli ya tyubu inaishika kwa ulegevu, kwahiyo omu za spika zikipanda na volti nazo zinapanda, unapata kinundu cha besi na ule mng'ao wa juu bila kugusa nobu yoyote. Vox AC30 kwenye hatua ya pawa haina kabisa hiyo fidibeki, na nobu ya presensi ya Marshall inafanya kazi humohumo kwenye fidibeki, inaipunguza upande wa trebo. Hata Fender walipotoa Tone Master Deluxe Reverb 2019 waliweka pawa ya klasi D ya wati 100 ili kuigiza ampli ya tyubu ya wati 22, yaani kuigiza prii-ampli (hatua ya kwanza, kabla ya pawa) peke yake hakutoshi.

Kwahiyo nilichotaka ni kuilegeza chipu. Njia ni ya zamani na ni rahisi: unaiachia ampli isikie na mkondo unaopita kwenye spika, sio volti tu.

Bodi yangu ya klasi D ilikataa mapema, maana ni ya kuvuka (bridge), waya zote mbili za spika zina moto, hamna unaokwenda graundi. Kama yako iko hivyo usiiguse, ukiunganisha mguu mmoja na graundi unaweza kuua bodi. Nikachukua bodi ya LM3886, hii hasi ya spika inakwenda graundi moja kwa moja. Nikaukata huo waya, nikaweka katikati risista ya omu 0.22 ya wati 5. Halafu kwenye mtandao wa fidibeki kuna risista ya kilo 22 na ya kilo 1, ile ya kilo 1 mguu wake ulikuwa unaishia graundi, nikaunyanyua nikauhamishia pale hasi ya spika inapokutana na ile 0.22. Basi, kazi yenyewe ni hiyo. Ukuzaji wa bodi ni mara 23, zidisha kwa 0.22 unapata omu 5 hivi, ndio ulegevu ambao spika inauona.

Nikawasha. Hamna tofauti hata kidogo. Nikarudia kulehemu, nikabadilisha risista, wapi. Saa mbili nzima mpaka nilipopima kati ya jeki ya spika na kasha la chuma nikakuta sifuri: jeki ni ya chuma, inagusa kasha, kwahiyo mkondo wote unapita kwenye kasha unaikwepa risista yangu. Nikaweka jeki ya plastiki, nikapiga uzi wa sita mtupu, nikanyamaza. Ile pumzi ilikuwepo.

Nilijaribu na 0.47, ikavimba sana, nikipiga na bendi nagombana na gita la besi. 0.1 haikutosha. Nikarudi 0.22. Sauti ya katikati inashuka kama desibeli 4, besi ya hezi 90 haishuki karibu chochote, kwahiyo kwenye pedali nikapunguza besi na nikafungua volyumu.

Kitu cha pili ni pale unapopiga kwa nguvu. Chipu ikizidiwa inakata vilele vya wimbi la sauti kama kisu, tyubu inabonyea. Kabla ya chipu niliweka daiodi mbili za kawaida kutoka njia ya sauti kwenda graundi, kila moja imeelekea upande wake, zikakata mapema mno maana zinaanza kwenye volti 0.6, nikazitoa nikaweka LED mbili nyekundu zinazoshika kwenye kama 1.7, ambayo kwenye bodi yangu ni karibu palepale chipu inapoanza kuzidiwa. Kati ya pedali na LED nikaweka risista ya kilo 4.7 ili LED ziweze kukata.

Mzee alikuja Jumamosi kwenye mazoezi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akakaa na gita lake bila kuuliza kilichomo ndani. Akapiga dakika kama kumi, akainuka akashusha besi kidogo, akarudi. "Hapa sasa inaitika," akasema. Halafu akapiga kodi kwa nguvu, akasubiri, akatikisa kichwa: "Ya kwangu ilikuwa inazama kidogo ndio inainuka."

Na ni kweli, hilo la kuzama linatokana na umeme wa ndani wa ampli kushuka ukiivuta ghafla, hasa zenye tyubu ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, na risista yangu haiwezi kulileta. Kwa sasa naliigiza kwenye pedali, ile nobu ya sag nimeiweka robo tu, maana kwenye sebene ya haraka ikizidi noti zinachelewa.