Kivuli si cheusi

Mtu akisikia nachora, swali la kwanza ni lile lile: "Tingatinga?" Simlaumu. Kwa Dar, picha ni twiga na ndege. Mimi nachora sura za watu, na kazi niliifunzwa kwenye mabango ya vinyozi, Manzese.

Nilipomaliza kidato cha nne ada ya kuendelea haikuwepo, mjomba akanipeleka kwa fundi mmoja wa mabango, mzee mkimya. Mwaka mzima hakuniruhusu kugusa sura. Nilichora herufi tu: "Hapa tunasuka", "Supu ipo", "Usikojoe hapa". Nikinung'unika ananijibu, "Binti, herufi ikipinda kila mtu anaona. Sura ikipinda utasema ndivyo alivyo." Nikamwona mkorofi.

Rangi zetu zilikuwa za mafuta, za makopo, zile za kupaka mageti, tunazizimua kwa thina. Edward Saidi Tingatinga naye, mwanzilishi wa huo mtindo wa twiga na ndege, alipoanza mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, kwa hiyo hao wanaoniuliza hawajakosea sana. Ila rangi hiyo ikishaanza kushika, huwezi kurudi kulilainisha shavu. Fundi alikuwa na dawa yake: kahawia moja kwa watu wote, nyeusi kwenye kivuli, tone la nyeupe juu ya pua. Vichwa vyote vya Manzese vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Yakaja mabango ya kuprinti, fundi akafunga kibanda. Mimi nikahamia picha za marehemu. Unaletewa pasipoti saizi iliyofifia, unaipiga miraba kwa penseli, unaikuza mraba kwa mraba. Mkono ulinyooka, lakini nilikuwa nachora picha, sichori watu. Mwanga wa studio ulikuwa umeshazibana sura zote zikawa bapa kama sahani. Kuna bibi harusi mmoja aliniomba nimpunguzie weusi. Nilimpunguzia, nikachukua hela yake. Ile picha sipendi kuikumbuka.

Aliyenibadilisha ni mama ntilie wa mtaani kwetu. Kibanda chake amekiezeka turubai la bluu. Siku moja mchana nasubiri wali, nikamwangalia alivyoinama juu ya jiko. Paji la uso lilikuwa la bluu kabisa, bluu ya turubai. Shavu la upande wa mkaa lilikuwa jekundu kama tofali. Chini ya kidevu, mahali ambapo mimi huwa napiga nyeusi bila kufikiri, sufuria ilikuwa inamrushia mwanga mweupe. Nyeusi sikuiona popote, hata pembeni ya pua. Wali ukapoa.

Nikatandaza kitambaa cha marekani kwenye fremu, nikakipaka rangi ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, nikaanza. Picha ya kwanza alionekana kama mtu aliyepigwa. Ya pili, mgonjwa wa ini. Ya tatu ndipo nilipogundua kwamba bluu haipakwi juu ya kahawia. Inatangulia, ikauke, kahawia ije juu yake nyembamba kama chai ya rangi. Kopo la nyeusi nikampa kijana wa jirani apakie nondo za dirisha.

Mwaka 2018, mchoraji wa Marekani Amy Sherald alipomchora Michelle Obama kwa ngozi ya kijivu, rafiki alinitumia picha kwenye simu. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamwelewa: naye alikuwa ameikataa kahawia ya kwenye kopo, ila ametokea mlango mwingine.

Mama ntilie nilimpelekea ile ya tatu. Akaishika kwa mikono yenye unga, akaigeuza huku na huku. "Mwanangu, mbona umenimwagia wino?" Kisha akaitundika hapo hapo kibandani, juu ya deli la maji, chini ya turubai, mahali ambapo hiyo bluu yangu haionekani kabisa.