Kiitaliano cha safari nilikipata bichi ya Malindi

Kila niliyemwambia kwamba mimi na mume wangu tunapanga likizo ya Roma na Napoli alinijibu lilelile: usijisumbue, Wazungu wote wanajua Kiingereza. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Mwingine akanielekeza kwenye programu ya simu. Kila usiku, watoto wakishalala, ikanifundisha kwamba mvulana anakula tofaa na msichana anakunywa maji. Kuuliza treni inaondokea wapi, haikunifundisha kamwe. Nikaifuta.

Walimu walikuwa hapahapa pwani. Malindi imezoea Waitaliano tangu miaka ya 1960, waliporusha roketi kule Ngomeni, na vijana wa bichi wanakisema Kiitaliano ambacho hawakukisomea popote. Nikamwendea muuza vikoi mmoja tunayefahamiana. "Dada, leo mimi Mtaliano, wewe mgeni," akasema, tukaanza kuigiza: yeye mwenye mkahawa, mkata tiketi, muuza dawa. Nikichomeka Kiingereza, ananigeuzia mgongo. Na maneno ya mnunuzi ndiyo anayoyajua zaidi, maana anayasikia kutwa nzima: quanto costa (bei gani), troppo caro (ghali mno), il conto (bili). Nilimlipa kidogo kidogo, pamoja na madafu.

Ninachojivunia hasa ni daftari langu. Kila neno niliandika kwa herufi zetu. Uscita, mlango wa kutokea, ni ushita. Gnocchi, chakula chao cha viazi, ni nyoki. Ciao ni chao na c'è, yaani kuna, ni che, lakini che yao husomwa ke. Hapo ndipo wengi hupotea. Irabu zao ni kama zetu, na maneno mengi huishia kwa irabu, kwa hiyo Mswahili ameshafika nusu ya njia kabla hajaanza. Chunga herufi zinazorudiwa tu. Anno ni mwaka. Ukitamka n moja umetaja kiungo kisichotajwa mbele za watu. Ibane n kama unavyohesabu nne.

Viza, bima na tiketi za ndege mnazijua wenyewe, na pesa zilikwenda nyingi.

Waislamu wenzangu, anzeni na maneno ya nguruwe, na maiale peke yake haitoshi. Prosciutto, pancetta, guanciale na speck zote ni yeye. Strutto ni mafuta yake, na Napoli huingia hata kwenye baadhi ya mikate. Ukiagiza latte utaletewa maziwa matupu. Kahawa inywe umesimama, al banco, yaani kaunta, maana ukikaa mezani bei mara nyingi hupanda. Stesheni, binario ndiyo njia ya treni yako, na sciopero, yaani shopero, ni mgomo: ukiliona limebandikwa, panga upya. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani igongwe kwenye mashine kabla hujapanda, la sivyo utatozwa faini. Na usiulize chochote kabla ya buongiorno. Wale watu wanapenda salamu kama sisi.

Napoli niliingia duka la mikate, nikasalimu, nikauliza: "C'è strutto?" Mama muuzaji akaacha kazi yake, akanionyesha mkate mmoja mmoja: huu sì, yaani umo, huu no, haumo. Mteja aliyekuwa nyuma yangu naye akaingilia, wakabishana kuhusu mkate wa pilipili manga mpaka wakakubaliana nisiule. Tukawa tunanunua pale kila asubuhi, na mume wangu, aliyekuwa upande wa Kiingereza kinatosha, akaanza kuagiza mwenyewe.