Joto la prosesa: usiulize iko ngapi, uliza imebaki ngapi

Kwa kama miezi mitatu hivi laptopu yangu ilikuwa inanifanyia kitu kimoja ambacho nilikuwa sikielewi kabisa, nikiiwasha inakuwa nzuri tu, inafungua kila kitu chapchap, halafu nikianza kurenda video, yaani kuitoa kama faili la mwisho baada ya kuihariri, baada ya dakika tatu nne hivi inakuwa nzito, mshale wa mausi unakwama, sauti inakatika katika na feni inalia mpaka mtu wa chumba cha pili anauliza kuna nini. Nikafikiri ni virusi. Nikaskani, hamna kitu. Fundi mmoja akaniambia ramu haitoshi, nikaongeza ramu, tatizo likabaki palepale. Nikafuta Windows nikaweka upya, wikendi nzima ikaishia hapo, na mashine ikarudi vilevile, dakika ya nne ileile.

Jibu lilikuwa limekaa ndani ya mashine muda wote huo. Siku moja nikapakua HWiNFO, programu inayosoma sensa za joto na spidi za mashine, nikaifungua upande wa sensa peke yake, nikaanzisha renda ileile nikakaa kuangalia. Dakika ya kwanza nyuzi 74. Ya pili 85. Ya tatu 93. Ilipokaribia ya nne kori zote, yaani vile vitengo vya kazi ndani ya prosesa (chipu kuu ya mashine), zikagota kwenye 98, 99, ule mstari unaoonyesha kama prosesa imeanza kujibana kwa sababu ya joto ukageuka mwekundu ukaandika Yes, na spidi iliyokuwa gigahezi 3.2 ikaporomoka mpaka 1.1. Na hapohapo mshale ukaanza kukwama. Niliitazama ile namba ya spidi muda mrefu sana, yaani miezi mitatu yote natafuta ugonjwa kwenye programu kumbe prosesa ilikuwa inajiokoa isiungue.

Ndo maana naandika hii, kwa sababu naona watu wengi wanauliza swali moja tu, "nyuzi ngapi ni mbaya?", na wanajibiwa namba moja, 70 au 80, kana kwamba prosesa zote ni moja. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Swali zuri ni imebaki ngapi kufika kikomo, na spidi inafanya nini wakati huo.

Na hii si maoni yangu tu, ndivyo sensa yenyewe ilivyotengenezwa. Kwenye prosesa za Intel za tangu enzi za Core, kila kori ina sensa ndogo ndani ya silikoni yenyewe, na hiyo sensa haisemi "niko nyuzi 62". Inasema "zimebaki 38". Inahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye kikomo, ambacho wenyewe wanakiita TjMax, na kwa Core nyingi kikomo hicho ni nyuzi 100. Programu unayoiangalia ndo inafanya hesabu, 100 toa 38, inakuandikia 62. Enzi za Core 2 kikomo hakikuwa kinasomeka wazi kwenye chipu, programu zilikuwa zinakisia, na ndo maana mtu alikuwa anafungua programu mbili kwenye mashine moja anapata majibu yanayopishana nyuzi 10 au 15 na zote zinasoma prosesa ileile. Kitu kingine ambacho watu hawakijui, hizi sensa zinakuwa sahihi zaidi zikikaribia kikomo kuliko mashine ikiwa imetulia. Kwa hiyo kugombania kwamba yako ikiwa haifanyi kitu ni 31 na ya mwenzako ni 36, hapo hamna kitu cha kugombania.

Upande wa AMD, washindani wa Intel, kuna mtego wake. Zilipotoka prosesa zao za Ryzen za kwanza mwaka 2017, 1700X na 1800X zilikuwa zinatoa namba inayoitwa Tctl ambayo imeongezewa nyuzi 20 juu ya joto la kweli, ili feni zizunguke kwa mtindo mmoja kwenye prosesa tofauti. Mtu ananunua prosesa mpya, anaona 85, anaingiwa na hofu, anabadilisha hitisinki (kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kubeba joto), kumbe ukweli ni 65. Programu zikaja kurekebishwa zikawa zinatoa hizo 20. Halafu zikaja Ryzen 7000 mwaka 2022, zile ukizipa kazi nzito kweli zinapanda mpaka 95 na kukaa hapo kwa makusudi, zimepangwa zitumie nafasi yote ya joto zilizopewa ili zipate spidi. Wakati 7800X3D ya familia hiyohiyo kikomo chake ni 89. Sasa niambie, mtu akikuuliza "nyuzi 90 ni mbaya?" utamjibu nini bila kujua ana prosesa gani? Kwenye moja zimebaki 10, kwenye nyingine zimebaki 5 na ndivyo ilivyopangwa, kwenye nyingine imeshavuka.

Kinachotokea ikifika kikomo, prosesa inapunguza spidi na umeme yenyewe, haikuulizi. Ikizidi kupanda hata hapo basi inajizima ghafla, skrini inakuwa nyeusi bila onyo. Zamani haikuwa hivi kwa wote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware walitoa video ambayo walichomoa hitisinki juu ya prosesa huku gemu linaendelea, Pentium 4 ya Intel ikajipunguza spidi ikaendelea kuishi, Pentium III ikaganda lakini ikapona, na Athlon ya AMD ikatoa moshi ikafa ndani ya sekunde chache. Siku hizi kinga imo kwenye kila prosesa na ni kitu kizuri sana, ila ndo inayofanya tatizo lijifiche, kwa sababu mashine haifi, inakuwa nzito tu, na wewe unaenda kununua ramu.

Sasa kuhusu programu zenyewe. Kama uko Windows usihangaike kutafuta kwenye Task Manager, pale utaona joto la kadi ya picha kwa kadi nyingi lakini la prosesa halipo. Core Temp ni nyepesi, inakaa pale kwenye kona ya chini karibu na saa inaonyesha namba, kwa mtu anayetaka kuchungulia tu inatosha. HWMonitor nayo ni rahisi, ina ya sasa, ya chini kabisa na ya juu kabisa, basi. Mimi nabaki na HWiNFO kwa sababu mbili, inaonyesha wazi kama prosesa imejibana, na inarekodi kila kitu kwenye faili la CSV ambalo unaweza kulifungua baadaye kwenye Excel ukachora grafu. Kwa wanaotaka programu huria kuna LibreHardwareMonitor, iliyozaliwa kutoka Open Hardware Monitor.

Hapa niseme jambo la muhimu. Mwaka 2025 watu wengi walifungua mashine wakakuta Defender, kinga ya virusi ya Windows, inapiga kelele kuhusu kitu kinaitwa WinRing0. Hiyo ni draiva, programu ndogo inayoongea na vifaa vya mashine, ambayo programu nyingi za kusoma joto na kuendesha feni zilikuwa zinaitumia kufika kwenye prosesa, na ina tundu la kiusalama lililojulikana tangu 2020, programu mbaya ikiipata inaweza kuitumia kuingia ndani kabisa ya mfumo. Nikaona ushauri unazunguka eti zima Defender uendelee. Hapana jamani. Pakua toleo jipya la programu yako kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, baadhi zimeshahamia draiva nyingine, na kama yako haijahama badilisha programu. Na usifungue mbili tatu kwa wakati mmoja, zinagombania sensa zilezile za mazabodi (ile bodi kuu ya mashine) na zinaweza kukupa namba za ajabu.

Kwenye Linux ni rahisi zaidi, unaweka programu ya lm-sensors, unaendesha sensors-detect mara moja, kisha unaandika watch -n 1 sensors na inakuja kila sekunde. Intel utaona Package id 0 na kori zake, AMD utaona k10temp na Tctl. Na ukitaka kujua kama iliwahi kuzidiwa wakati hukuwepo, angalia dmesg, ile kumbukumbu ya mfumo, ukikuta mstari unasema joto la kori limepita kiwango na klok (spidi) imepunguzwa, umeshapata jibu bila hata kufungua grafu.

Kuhusu namba za ajabu, mdogo wangu alinipigia usiku kabisa, "kaka mashine inaungua, imefika 127!" Nikamwambia iguse, ina joto? Hapana, ni ya kawaida. Nikamwomba anisomee jina la mstari, akasema AUXTIN. Hiyo si prosesa. Kwenye mazabodi kuna chipu inayosoma feni, volti na sensa za pembeni, na ina miguu mingine ambayo mtengenezaji wa bodi hakuunganisha na kitu chochote, programu inaisoma hivyohivyo inaleta 127 au hasi 60 au chochote kile. Namba isiyosogea kabisa, kazi iwepo isiwepo, hiyo iache.

Sasa nirudi kwenye kitu ninachokipenda zaidi, ambacho ndicho kilichotatua kesi yangu, nacho ni umbo la mpando. Namba ya juu kabisa peke yake haikwambii tatizo liko wapi, lakini namna ilivyofika huko inakwambia. Silikoni ni ndogo mno, ukiipa kazi inaweza kuruka nyuzi 20 ndani ya sekunde moja na ukiiondolea inashuka vilevile, hiyo ni kawaida kabisa na usishtuke. Lakini kama inaruka moja kwa moja mpaka kikomo ndani ya sekunde mbili tatu, na kazi ikikatika inarudi chini palepale, hapo joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki, yaani pesti, ile inayopakwa katikati yao kupitisha joto, imekauka au hitisinki haijakaza vizuri. Ikiwa inapanda pole pole kwa dakika kadhaa, na ukisimamisha kazi inachukua dakika nyingine kushuka, basi joto linafika kwenye hitisinki vizuri ila linakosa pa kwenda, hewa haipiti. Yangu ilikuwa dakika nne. Dakika nne ndo muda ambao chuma chote kilikuwa kinachukua kujaa joto.

Nikafungua kifuniko cha chini. Feni kwa juu ilikuwa safi tu, mtu angeichungulia angesema hamna shida, lakini nilipotoa skrubu tatu za feni nikaiinua, pale katikati ya feni na zile mbavu nyembamba za shaba ambako hewa inatokea, palikuwa na tabaka la vumbi limeshikana kama kitambaa, unene kama wa sarafu mbili, rangi ya kijivu. Nililishika kwa koleo ndogo likatoka zima, kipande kimoja, na upande wake mmoja ulikuwa na alama za zile mbavu. Nikapuliza, nikabadilisha na pesti kwa sababu nilikuwa nimeshafika, nikafunga.

Renda ileile, video ileile. Ikapanda mpaka 81 ikatulia pale, spidi ikabaki 3.2 mpaka mwisho, ule mstari ukabaki No.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ningekuomba ufanye leo kama mashine yako ni nzima. Nilirekodi dakika 10 za ile renda nikahifadhi faili, nikaandika kwenye jina tarehe na joto la chumba siku hiyo, maana chumba kikiongezeka nyuzi 5 na prosesa nayo inaongezeka karibu hizohizo, usije ukalaumu vumbi kumbe ni hali ya hewa. Kila mwezi narudia kazi ileile, muda uleule, laptopu ipo mezani si kitandani. Sina haja ya kujua za watu wengine ziko ngapi, nalinganisha yangu na yangu.

Faili la kwanza, chumba 26, ilitulia kwenye 81. Lililofuata 81. Likaja 82. La juzi chumba ni 26 vilevile na imetulia kwenye 86, inapanda pole pole kama zamani, dakika ya tatu bado inapanda, zimebaki 14. Spidi bado haijaguswa. Jumamosi natoa zile skrubu tatu.