Kidole Mahali pa Kipanya: Michezo ya Mafumbo ya Zamani Kwenye Kishikwambi

Mwezi Juni hapa Uyole, Mbeya, baridi huanza kabla jua halijazama, na ikifika saa mbili usiku kila mtu nyumbani huwa amekwisha kusogea karibu na jiko. Ni katika saa hizo ambapo, kwa mwaka wa pili sasa, nimekuwa nikicheza michezo ya kompyuta iliyotengenezwa wakati mimi nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi kijijini Njombe, katika nyumba isiyokuwa na umeme wala redio ya kudumu. Wenzetu wa nchi nyingine walikua nayo. Mimi nimeipata nikiwa mtu mzima, kwenye kishikwambi cha inchi kumi nilichokinunua Mwanjelwa kikiwa kimetumika, na sioni kwamba nimechelewa.

Nazungumzia ile michezo ya hadithi na mafumbo ambayo mchezaji huiendesha kwa kuelekeza kishale na kubofya. Humo hakuna kupiga risasi. Unaoneshwa chumba, bandari au uchochoro, na kazi yako ni kuangalia kila kitu, kuokota kinachookotwa, kuzungumza na watu, kisha kufikiri ni kitu gani kitumike wapi. Katika mchezo wa King's Quest, ambao Roberta Williams aliutengeneza katika kampuni ya Sierra mwaka 1984, mchezaji alilazimika kuandika amri zake kwa herufi. Mwaka 1987 Ron Gilbert na Gary Winnick wa kampuni ya Lucasfilm Games walitoa Maniac Mansion, na humo vitenzi viliorodheshwa chini ya picha: fungua, sukuma, toa, tumia. Ulibofya kitenzi, kisha ukabofya kitu. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kibena na Kiswahili, badiliko hilo ni kubwa mno, kwa sababu sihitaji tena kubahatisha ni neno gani mtengenezaji alikuwa nalo kichwani.

Watu wengi huniuliza michezo ya miaka hiyo inaingiaje katika chombo cha leo. Jibu ni programu ya bure iitwayo ScummVM, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Ludvig Strigeus na Vincent Hamm. Programu hiyo haina michezo ndani yake. Kinachofanyika ni kwamba unanakili mafaili ya mchezo ulionao, ukiwa umeununua mtandaoni au unao katika diski ya zamani, ukayaweka kwenye kadi ya kumbukumbu, nayo programu ikayasoma na kuyaendesha kama kompyuta ya wakati ule ilivyofanya. Ipo michezo michache ambayo wenyewe wameruhusu igawiwe bure, na mmojawapo ni Beneath a Steel Sky wa mwaka 1994, uliotengenezwa na kampuni ya Revolution Software ya Uingereza na kuachiwa mwaka 2003. Huo ndio ninaomshauri kila anayeanza aupakue kwanza. Ukishaingia kwenye kadi hauhitaji bando tena, na umeme ukikatika usiku kucha, chaji ya kishikwambi inatosha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua muda mrefu, nalo ni kidole.

Mtu akisikia kwamba mchezo ni wa kuelekeza na kubofya hudhani kioo cha kugusa kitaufaa kuliko chombo kingine chochote, kwa kuwa kidole ndicho kielekezi cha kwanza cha binadamu. Nami nilidhani hivyo. Lakini nilipoanza kucheza niligundua kwamba kipanya katika michezo ile kilikuwa jicho kabla ya kuwa mkono. Mchezaji wa mwaka 1990 alipitisha kishale polepole juu ya picha bila kubofya lolote, na kila kilipopita juu ya kitu chenye maana, jina la kitu hicho lilijitokeza chini: kamba, mlango, kikombe. Alikuwa akipapasa chumba kwa macho. Kidole hakina hatua hiyo ya katikati. Kikigusa kimekwisha kutenda, na mhusika wako tayari anatembea kuelekea mahali ambapo wewe ulitaka kupatazama tu. Tena kidole chenyewe hufunika kile unachokitafuta. Picha za michezo hiyo zilichorwa kwa nukta 320 kwa 200 tu, na ufunguo ulioachwa sakafuni unaweza kuwa nukta nne au tano, ambazo ncha ya kidole changu huzimeza zote pamoja na nusu ya zulia.

Watengenezaji waliorudia michezo hii kwa ajili ya vioo vya kugusa walilijua tatizo hilo, na baadhi yao walilitatua kwa kuweka alama zinazong'aa juu ya kila kitu kinachoweza kuguswa. Ninawaelewa, ila sikubaliani nao. Chumba kikishatiwa alama saba, hakitazamwi tena. Mchezaji anazigusa alama saba kwa zamu na kuondoka, na lile zulia lililochorwa kwa uvumilivu mkubwa halijaonwa na mtu. Kutafuta ni sehemu ya mchezo kama vile kupepeta ni sehemu ya kupika wali.

Dawa niliyoipata imo ndani ya ScummVM yenyewe. Katika mipangilio yake ya mguso ipo hali ambayo kioo kizima hugeuka kuwa kama kile kibao cha kugusia kilicho chini ya vibonye vya kompyuta ya mpakato. Unaburuza kidole popote, hata pembeni kabisa, na kishale kinakwenda huko kilipo bila kufunikwa. Ukigonga mara moja unabofya pale kilipo kishale, na ukigonga kwa vidole viwili unapata kubofya kwa upande wa kulia. Siku nilipobadili hali hiyo nilirudi katika chumba nilichokuwa nimekwama kwa wiki nzima, na ndani ya dakika chache nikaona mambo mawili ambayo sikuwahi kuyaona. Jicho lilikuwa limerudi.

Huwa sichezi peke yangu. Wakati wa likizo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu ambaye sasa yuko kidato cha pili katika shule ya bweni mkoani Iringa, huja kukaa nasi, na kishikwambi huegemezwa kwenye birika juu ya meza ili tuone wote wawili. Mimi husoma mazungumzo na kuyatafsiri kwa sauti. Yeye huangalia picha, na kwa kuwa hana haraka ya kusoma, huona zaidi yangu. Jioni moja tulikuwa tunacheza toleo la kwanza la Broken Sword, la mwaka 1996, na mhusika wetu George alikuwa amefika Ireland, kwenye magofu ya ngome yanayolindwa na mbuzi. Kila George alipojaribu kupita, mbuzi alimpiga kichwa na kumwangusha. Nilimpeleka zaidi ya mara kumi, na mara zote alianguka.

"Mjomba, kwani huyo mbuzi amefungwa?" akaniuliza.

"Amefungwa kwa kamba."

"Basi aende kwenye lile dude la chuma, asiende kwenye ngazi. Mbuzi atamfuata, kamba itanasa. Kwa bibi hunasa kila siku."

Kitendawili kile ni maarufu duniani kote kwa kuwashinda watu. Kwetu kilifumbuliwa na mtoto aliyezoea kutumwa na bibi yake kwenda kumtegua mbuzi aliyejizungusha kwenye kisiki. Inabidi kuwahi, kwani nafasi ipo tu pale George anapoinuka baada ya kuangushwa, na hapo nakiri kwamba kugusa moja kwa moja kwa kidole ni bora kuliko kuburuza kishale. Nikabadili hali kwa dakika mbili, mbuzi akanasa, kisha nikairudisha.

Tangu jioni hiyo tuna kanuni yetu ya nyumbani, tuliyoitoa katika vitendawili. Mtegewa akishindwa hapewi jibu hivi hivi; anaambiwa atoe mji, naye hutaja Dodoma au Tanga, na mtegaji husafiri kwa maneno, akasimulia jinsi alivyopokelewa huko, ndipo ataje jibu. Majibu ya michezo hii yote yamo mtandaoni, na kuyasoma ni kazi ya nusu dakika. Sisi tumekubaliana kwamba anayetaka kusoma jibu lazima kwanza atoe mji: aeleze kwa sauti kila alichojaribu, kwa nini alidhani kingefaa, na kimeshindikana wapi. Mara nyingi mwelezaji hafiki mwisho wa maelezo yake kabla hajaliona jibu mwenyewe.

Yapo mafumbo ambayo tunayatolea mji bila aibu, kwa sababu hayakutegwa kwa ajili yetu. Katika Monkey Island 2 ya mwaka 1991 kuna maporomoko ya maji yanayozimwa kwa bomba, na bomba hilo linafungwa kwa kumtumia tumbili aliyepumbazwa akakakamaa, eti kwa sababu Wamarekani wana spana ambayo jina lake lina tumbili ndani yake. Hata Waingereza, ambao lugha ni yao, lilikuwa likiwapita. Fundi wa gereji wa hapa Mbeya akiagiza "spana malaya" kijana wake anamletea ile ya kurekebishwa mdomo bila kuuliza. Lakini tungelitegea fumbo jina hilo, nani ng'ambo angelitegua? Sitamlaumu mpwa wangu, wala nafsi yangu, kwa fumbo la namna hiyo.

Aina nyingine ninayoiepuka ni ile inayomwadhibu mchezaji bila kumwambia. Katika King's Quest V ya mwaka 1990, usipomtupia paka kiatu ili kumwokoa panya, panya huyo hatakuwepo baadaye kukutafunia kamba utakapofungwa, na safari yote imeharibika pale. Gilbert, yule wa Maniac Mansion, aliandika mwaka 1989 kupinga ubunifu wa jinsi hiyo, na michezo ya Lucasfilm Games iliyofuata ilimheshimu zaidi mchezaji. Ndiyo sababu, mtu akishamaliza Beneath a Steel Sky, ninamfundisha kwa michezo ya kampuni hiyo.

Kwa sasa tumo katika Day of the Tentacle ya mwaka 1993, kutoka katika diski niliyopewa na rafiki aliyekuwa akisafisha stoo ya ofisi yake. Vijana watatu wamo katika nyumba moja lakini nyakati tofauti: Bernard yuko leo, Hoagie yuko miaka 200 nyuma, na Laverne yuko miaka 200 mbele. Hupeana vitu kupitia vyoo vyao, na kinachotendwa na Hoagie hubadilisha anachokikuta Laverne. Hoagie alihitaji siki. Tulikuwa na chupa ya divai, na tulikuwa na kasha ambalo watu wa zama zake wanalijaza vitu ili vizazi vijavyo vilifungue. Vyote viwili tuliviona, na hatukuviunganisha. Likizo ikaisha, mpwa wangu akarudi shuleni, nami sikuendelea, kwa kuwa tulikubaliana kwamba hakuna anayeendelea peke yake.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, nami nikapanda basi la alfajiri kwenda Iringa. Aliniamkia, nikaitikia, akapokea karanga na sukari aliyotumiwa na bibi yake, na kabla sijakaa kwenye benchi akasema, "Mjomba, ile divai tuiweke kwenye kasha. Si unajua ulanzi ukikaa siku nyingi unachachuka? Hiyo itakaa miaka mia nne."

Nikamtolea kishikwambi mkobani. Chini ya mwerezi uliokuwa uwanjani alimpa Hoagie chupa, akaibofya kuelekea kwenye kasha, kisha akahamia kwa Laverne, akatafuta kwa kishale polepole, bila kugonga, mpaka jina la kasha likatokea chini ya picha. Akalifungua kwa kifungulia makopo. Ndani mlikuwa na siki.

Kisha kengele ya chakula ikalia. Akahifadhi mchezo mwenyewe, akaandika jina lake na tarehe, akanirudishia kishikwambi.