Romeo na Juliet: kabla ya kuilaumu nyota, ifuate barua

Uchumba ukivunjika, watu husema "nyota zao hazikuendana", na mjadala umefungwa. Utangulizi wa Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, unasema karibu hayo hayo: kwa mistari 14 tunaambiwa kwamba wapenzi hawa wana nyota mbaya na kwamba watakufa. Hadhira inajua, wao hawajui. Ndiyo maana wasomaji wengi hukimbilia kadari. Lakini mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa 1623 hauna utangulizi huo. Jaribu kuisoma bila mistari hiyo, uone kadari inabaki na ushahidi gani.

Ushahidi wake mzito ni barua isiyofika. Juliet ameolewa na Romeo kwa siri, lakini wazazi wake wanamlazimisha aolewe na Paris. Ili kumwokoa, mtawa Laurence amempa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, kisha anamwandikia Romeo aliyeko uhamishoni katika mji wa Mantua aje kumchukua kaburini. Barua anapewa mtawa John. Huyu anakwenda kwanza kumtafuta mtawa mwenzake wa kusafiri naye, anamkuta akihudumia wagonjwa, na wakaguzi wa mji, wakishuku tauni, wanawafungia wote wawili ndani. Watu wa London wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa: tauni ya 1592 hadi 1594 ilikuwa imefunga hata majumba ya maonyesho.

Bahati mbaya tupu? Rudi Tendo la Tatu, Onyesho la Tatu. Laurence anamwahidi Romeo kwamba habari zote atazituma kwa mtumishi wake Romeo mwenyewe. Mtumishi huyo ni Balthasar. Siku ya shida ilipofika, ahadi ikasahaulika, akatumwa John, ambaye kwa dalili zote hakujua amebeba nini. Na ni nani aliyefika Mantua bila kuzuiwa na mtu? Balthasar, akiwa na habari kwamba Juliet amekufa. Njia ilikuwa wazi; mjumbe ndiye aliyekosewa. Ajabu ni kwamba jambo hili hupitwa hivi hivi darasani, na tauni ikabebeshwa mzigo wote.

Halafu kuna siku moja iliyoyeyuka. Harusi ya Juliet na Paris ilipangwa Alhamisi, kwa hiyo Laurence alimwagiza Juliet anywe dawa usiku wa Jumatano. Alimwambia pia aende nyumbani akajifanye amekubali. Juliet akazidisha: akapiga magoti, akaomba radhi. Mzee Capulet, baba yake, akafurahi kupita kiasi, akaivuta harusi hadi Jumatano asubuhi. Mkewe alimwambia muda bado upo, hakusikia. Dawa ikanywewa usiku wa Jumanne.

Piga hesabu. Saa tisa usiku nyumba ya Capulet iko macho ikipika, na Juliet ameshakunywa. Ongeza saa 42: ni Alhamisi, saa tatu usiku, au mapema kidogo. John anaporudisha barua, Laurence anasema zimebaki saa tatu Juliet aamke. Dawa ingenywewa usiku ule uliopangwa, zingebaki 27, na barua nyingine ingeweza kuandikwa. Baba mwenye furaha alizila saa 24, wala hapakuwa na nyota iliyomsukuma.

Wanafunzi wanaoandika insha ya mada hii huteleza mahali pamoja: wanakusanya kila mstari wenye nyota au bahati, wanaupanga kama ushahidi wa kadari. Hayo ni maneno ya wahusika. Swali ni nani anayeyasema, na dakika chache kabla alikuwa amefanya nini. Romeo analia kwamba bahati imemgeuza mpumbavu wake akiwa ametoka tu kumuua Tybalt, binamu yake Juliet, kwa mkono wake. Lipo tukio la sadfa kweli: mtumishi wa Capulet asiyejua kusoma anamwomba Romeo, kati ya watu wote wa Verona, amsomee orodha ya wageni wa karamu, ambako Romeo atakutana na Juliet. Hapo nakubali. Ila kwenda kwenye karamu yenyewe Romeo aliamua, tena huku akisema moyo wake unaona jambo baya linaning'inia nyotani.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Mantua. Kabla ya kuondoka Romeo anamuuliza Balthasar kama hana barua kutoka kwa mtawa. Hana. Romeo anajibu haidhuru. Maana yake alikumbuka kwamba barua ilipaswa kuwepo, na akachagua kutoingoja. Dakika chache nyuma alikuwa ametangaza kwamba anazikaidi nyota. Ukaidi wenyewe ndio uliompeleka kwa muuza dawa na dukati 40, sarafu za dhahabu, za kununulia sumu, na kisha kaburini, ambako aliona midomo ya Juliet bado ni myekundu na bado akanywa.

Laurence anafika kachelewa. Juliet anaamka, anamuuliza mume wake yuko wapi. Mtawa anamjibu kwamba nguvu kubwa kuliko wao imevuruga mipango yao, anamwahidi kumpeleka kwa watawa wa kike, anasikia kishindo cha walinzi, anasema hathubutu kukaa zaidi, na anamwacha peke yake na jambia la Romeo.