Kabla hujanunua ifekti, tafuta saundi kadi

Wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kilekile, eti nikitaka kurekodi nyumbani nianze na nini, na wote washaenda Kariakoo wakaona zile mikisa zenye ifekti ndani, maana muuzaji akikuwekea mwangwi kwenye maiki palepale dukani unajisikia msanii kabisa. Nawaelewa, mi mwenyewe nilianzia hapohapo.

Ila nisikilizeni. Kuna dada jirani yangu hapa Sinza alikuja kurekodi wimbo wa harusi ya mdogo wake, nikamfungulia riverbu, yaani ule mwangwi, kwenye mikisa, tukapiga mara moja tu, sauti tamu, huyo akaondoka zake Tanga. Usiku navaa hedifoni nasikia mwangwi umefunika maneno, jina la bwana harusi halisikiki kabisa, na hakuna pa kuutolea, kwa sababu ile mikisa ilikuwa inaingiza kwenye laptopu chaneli mbili tu, sauti na ifekti vishachanganyika, kama chumvi ilivyozidi kwenye mchuzi.

Tangu siku ile narekodi kavu, ifekti baadaye kwenye kompyuta. Kwa hiyo hela yako ipeleke kwenye saundi kadi kwanza, yaani kile kiboksi unachochomeka maiki kikaingiza sauti kwenye laptopu. Ukiwa unaimba tu, maiki moja, Focusrite Scarlett Solo inakutosha, ukiwa na mwenzako mnaimba pamoja chukua yenye maiki mbili kama 2i2 au Behringer UMC202HD. Angalia iwe na volti 48, yaani umeme ambao kadi inaupeleka kwenye maiki, maana maiki nyingi za kondensa, zile nyepesi kunasa sauti za studio, hazifanyi kazi bila huo umeme, na kama unapiga gita la umeme iwe na swichi ya instrumenti. Halafu kitu ambacho wengi hawaulizi kabisa, iwe na dairekti monita, yaani unajisikia moja kwa moja kabla sauti haijazunguka kwenye laptopu. Bila hiyo sauti inakufikia imechelewa unaanza kuimba nyuma ya biti. Bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho laptopu inakikusanya kwanza kabla ya kukishughulikia, ikiwa sampuli 1024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hapo tu ishakula kama milisekunde 23, ukishusha 128 inakuwa 3 hivi, ila laptopu ya kizee itaanza kukatakata.

Ukisikia zzzz kwenye hedifoni usikimbilie kulaumu kadi, chomoa chaja ya laptopu kwanza usikilize. Kwangu ilikuwa ni chaja pamoja na ekstensheni isiyo na waya wa ethi, sasa hivi nachaji mpaka ijae ndo narekodi, na hata umeme ukikatika katikati ya wimbo kazi haipotei.

Yule dada alirudi siku nne kabla ya harusi tukarudia. Godoro dirishani kuzuia bajaji, feni nimezima, jasho linatutoka, mita ya sauti haivuki desibeli -12 ili isipasuke. Alipomaliza ndo nikaanza kupika kwenye Reaper, programu ya kurekodia: nikakata kila kitu chini ya hezi 80, yaani ile miungurumo ya chini, kompresa ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo 3 kwa 1 taratibu, riverbu nikaiweka kwenye treki yake peke yake ili niipunguze nikitaka. Nikaipunguza mara mbili, ya pili yeye mwenyewe kakaa pembeni yangu na hedifoni masikioni, mpaka akaninyooshea kidole, hapohapo kaka, jina la shemeji limesikika.